Msaragambo wa Shingo Sita

Kila asubuhi, ukungu ulipoanza kujitoa kwenye mikaratusi ya mlimani, sauti ilishuka kutoka darini mwa wodi na kuuliza swali lake. Ilikuwa sauti ya msichana mwenye adabu, asiye na haraka na asiye na mwili.

"Mzee Kaanaeli, mikono imeamkaje?"

"Sijambo, mwanangu. Namshukuru Mungu."

"Bibi Namkunda, mikono imeamkaje?"

"Salama tu, mjukuu wangu. Bwana ni mwema."

Ikapita kitanda hadi kitanda, na kila kitanda kikajibu kama watu walivyolelewa kujibu, mpaka ikafika dirishani alikolala Nakijwa.

"Mama Nietiwe, mikono imeamkaje?"

"Vibaya," akasema Nakijwa. "Kidole cha pete kimekufa. Cha kati kina ganzi, utadhani nimekikalia ibadani. Kiganja kinawaka tangu alfajiri, na jana nilishindwa kufunga kifungo cha gauni, nikatembea kama kichaa mpaka muuguzi akanihurumia."

Wodi nzima ikacheka, wakizuia shingo zao zilizofungwa mikanda laini.

"Huyu mama!" akasema Kaanaeli kutoka upande wa pili. "Akiulizwa hali, anasoma shauri zima la mahakamani."

"Ndiyo maana nashinda kesi," Nakijwa akamjibu. "Wewe Mpare gani, unaachia haki yako bila hata kufungua jalada?"

Wakacheka tena. Hata marehemu mumewe, Sefania, alikuwa akimtania hivyo hivyo. Watu wakisalimiwa hujibu, alikuwa akisema, lakini mke wangu akisalimiwa hueleza. Nakijwa hakuona kosa. Mama yake alimfundisha kwamba ndiyo iwe ndiyo, na siyo iwe siyo, na yeye alilishika fundisho hilo kama mtu anavyoshika ukingo wa daraja.

Wodi ile ilikuwa ya watu sita, na wote sita waliletwa mlimani na ugonjwa mmoja. Ndani ya pingili za shingo hupita ugwe, mnene kama kidole kidogo, unaobeba kila amri itokayo kichwani kwenda mikononi na miguuni. Mtu akizeeka, pengine hata kabla, mifupa huota vijiwe na kano huvimba, na njia ya ugwe ikawa finyu kama mfereji uliobomokewa na kingo zake. Dalili huja kwa hila. Kikombe huponyoka, kifungo hugoma, mguu hujikwaa mahali pasipo na jiwe. Daktari Togolani aliwafungua mmoja mmoja, akaondoa mfupa wa nyuma uliokuwa ukibana, ugwe ukapata nafasi ya kupumua.

"Kufungua ni kazi yangu," alimwambia kila mmoja kabla ya kisu. "Kupona ni jambo lingine. Wengine hurudi karibu wote, na wengine hurudi nusu. Wengine huishia pale pale walipofika, wasizidi kuporomoka, na hiyo nayo ni neema. Aliyechelewa kuja, mara nyingi hupata kidogo."

Zamani habari ingeishia hapo. Lakini Daktari Togolani aliongeza kitu ambacho hospitali nyingine hazikuwa nacho bado. Kabla ya kufunga kidonda aliweka juu ya ugwe nyuzi hai, nyembamba kuliko utando wa buibui, zilizooteshwa kutoka katika damu ya mgonjwa mwenyewe. Ugwe unaopona hutoa utomvu wake, haba sana. Nyuzi zile zilikusanya utomvu wa watu wote sita, zikaukuza, na kila siku baada ya chakula cha mchana, wote walipolazwa usingizi mmoja, zikaupeleka kwa aliyepungukiwa. Daktari aliuita mpango huo msaragambo, kwa jina la kazi ya pamoja ambayo bibi yake aliitiwa kwa baragumu, watu wote wa kilima wakatoka na majembe kuzibua mifereji.

Nyuzi hazikudumu. Zingekauka Ijumaa Kuu, na baada ya hapo kila mtu angebaki na alichonacho, siku zote za maisha yake.

Nakijwa alikuwa akiihesabu Ijumaa ile kwa jicho moja, na kwa jicho la pili aliitazama Pasaka. Kabatini mwake kulikuwa na tarumbeta. Kwa miaka mingi yeye na Sefania walisimama bega kwa bega katika bendi ya usharika, na kila alfajiri ya Pasaka walipiga makaburini, Sefania sauti ya kwanza na yeye ya pili, kuwaambia waliolala kwamba jiwe limeviringishwa. Pasaka iliyopita Sefania naye alikuwa miongoni mwa waliolala. Nakijwa alisimama juu ya kaburi lake akaanza wimbo peke yake, na katikati ya ubeti vidole vyake vikakwama juu ya vitufe kama kuku kwenye matope. Wimbo ukakatika, mtu mwingine akaumalizia.

Tangu siku hiyo ombi lake kwa Mungu lilikuwa dogo na la wazi. Niruhusu niumalize.

Na Mungu, ilionekana, alikuwa akijibu. Hata asubuhi hiyo, baada ya malalamiko yake yote, alitoa tarumbeta, akaiweka kifuani bila kuipuliza, akabonyeza vitufe. Cha kwanza kikashuka, cha pili nacho. Cha tatu, chini ya kidole alichokiita maiti, kikashuka nusu, kikasita, halafu polepole kikafika chini.

Nakijwa akalia kimya, uso dirishani.

*

Usingizi wa mchana ulikuwa na ndoto moja kwa wote. Daktari Togolani hakuipanga. Alisema labda nyuzi, kwa kuwa ziliunganisha miili iliyokulia milima ileile, zilichota mahali ambapo kila mmoja wao alipajua.

Palikuwa ni kilima cha kijani chini ya mbingu ya rangi ya maziwa. Juu yake palikuwa na ndiva, bwawa la mawe la kukusanyia maji ya zamu, na maji yake yaling'aa kwa mwanga usiotoka juani. Kutoka ndivani ilishuka mifereji sita kwenda kwenye ngazi sita za mashamba. Huko hakuna aliyekuwa na shingo inayouma. Bibi Namkunda alikuwa akipita na mtungi kichwani, akiimba. Hewa ilinuka tangawizi mbichi na udongo ulionyeshewa.

Shamba la Nakijwa lilikuwa zuri kuliko yote. Maji yaliingia kwa sauti ya kunong'ona, na mahindi yalimpita kimo. Aliyapitia akiyagusa majani, na kila jani alilogusa lilitoa sauti ndogo, safi, kama tarumbeta iliyo mbali sana.

Siku hiyo, sijui ni nini kilichomwelekeza, alifuata mfereji wake kwenda juu. Alipofika penye njia panda ya maji, alimkuta Kaanaeli ameketi juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, suruali ameikunja kama mtoto wa shule.

"Karibu, mama Nietiwe."

"Starehe, mzee. Shamba lako liko wapi? Sijawahi kuliona."

Kaanaeli akaelekeza kidevu. Chini ya njia panda, mfereji wa sita ulikuwa umebomoka, umejaa majani makavu. Na mwishoni mwake palikuwa na ngazi moja ya udongo uliopasuka, bila hata bua lililosimama. Mdomoni mwa mfereji palikuwa na kizibo cha tope na majani, kimekandamizwa vizuri.

"Nani amekuzibia?" Nakijwa akapaza sauti. "Tutamshtaki!"

"Utamshtaki aliyeketi hapa," akasema Kaanaeli. "Kila asubuhi mwanangu wa darini ananiuliza, nami namwambia sijambo. Nikija huku mchana, nakuta tope jipya."

"Na maji yako?"

Mzee akaelekeza kidevu tena. Maji yaliyopaswa kugeuka kushoto yalikuwa yakipita mbele ya miguu yake, yakiteremka yote, yakiimba, kwenda kwenye mahindi ya Nakijwa.

"Tangu lini umejua?"

"Siku nyingi."

"Na ukanyamaza!"

"Mwanzoni sikujua. Mtu amekuuliza hali asubuhi, utamwambia nini? Miaka minne niliangusha vikombe nyumbani nikiwaambia watoto ni mafuta mikononi. Nilikuja kwa daktari nimebebwa kama mzigo wa tangawizi, na bado langoni nilisema sijambo." Akacheka kidogo. "Baadaye nikaona yanakokwenda. Nikasema, basi. Yule mama ana wimbo wa kumalizia. Mimi nina nini? Miaka sabini na tatu hii inataka vidole vya nini?"

"Vya kulia chakula!"

"Kuna watu wa kunilisha. Usinipeleke kwa daktari, mama. Msaragambo hauulizi shamba la nani."

Nakijwa alitaka kujibu, lakini kilima kikaanza kufifia pembeni kama karatasi inayolowana, na sauti ya mwisho aliyoisikia ilikuwa ya maji, yakishuka upande wake.

*

Jioni waliletewa makande. Nakijwa alijifanya anasoma, akatazama kwa pembeni. Kaanaeli alingoja mpaka muuguzi amegeuka na wenzake wameinamia sahani. Akajaribu kijiko. Kikageuka kiganjani, kikadondoka juu ya shuka. Akakiacha. Kisha akainamisha uso wake taratibu, kwa shingo ile iliyoshonwa majuzi, mpaka midomo ikagusa ukingo wa bakuli.

Nakijwa akageukia dirisha. Akasukuma bakuli lake pembeni.

Alimkuta Daktari Togolani kwenye baraza, ameketi na kikombe cha chai, akitazama kebo za abiria, vibanda vinavyoning'inia wayani, zikishuka bondeni kwa mstari kama shanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi mbele, na alimwachia mgonjwa kiti chake.

Nakijwa alimweleza yote. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa.

"Nilidhani anaendelea vizuri," akasema. "Kila siku nilisoma majibu ya asubuhi, yaleyale yanayoziongoza nyuzi. Watano wazima, mmoja ana shida. Nikafurahi."

"Mashine yako ya darini haina macho?"

"Ina macho, mama. Mwanzoni tuliiachia ipime yenyewe. Ikawa inasema fulani amepona kwa sababu mkono umeinuka, kumbe mkono umeinuka huku unawaka moto. Bibi yangu aliambiwa hivyo na madaktari mpaka anaingia kaburini. Umepona, bibi, nenda nyumbani. Niliapa kwamba hapa litasikilizwa neno la mwenye shingo." Akasugua macho. "Sikufikiri juu ya salamu. Na mimi nimezaliwa bonde la pili tu."

"Basi msemee yule mzee. Sema hawezi."

"Nimpige marufuku kusema sijambo? Nikianza kumsemea yeye, kesho nitakusemea wewe, na keshokutwa nitamwambia mtu anayewaka moto kwamba amepona. Nitazungumza naye. Lakini neno ni lake."

Alizungumza naye jioni ileile. Nakijwa aliwaona, daktari ameinama, mzee anatabasamu, anatikisa mkono wake mzito kana kwamba anafukuza nzi. Daktari alirudi kichwa chini.

"Anasema hajambo."

Nakijwa akauliza, "Na mimi nikisema nimepona? Nitapoteza nini?"

"Utomvu bado unatembea. Kilichokuja kwako kinaweza kurudi, mpaka Ijumaa. Utabaki na ulichopewa na kisu, nawe uliwahi kuja. Utapika, utafunga vifungo ukijitahidi. Kidole cha pete labda kitalala. Labda na cha kati."

"Na yeye?"

"Labda kijiko. Labda na kikombe, kwa mikono miwili."

"Labda, labda."

"Mama, nikiwa mbele ya shingo ya mtu sina neno jingine. Ningekuwa nalo ningekupa."

Wodini, taa zikiwa bado zinawaka, Nakijwa aliweka tarumbeta magotini, akaomba kama alivyozoea, bila kupamba. Bwana, nimesema kweli kila asubuhi. Kweli yangu imemkaushaje mtu? Sikumwibia. Amenipa mwenyewe, umemsikia. Ni Pasaka moja tu. Ubeti mmoja.

Akaona, ndani ya shaba iliyong'arishwa, wodi nzima imejikunja kuwa ndogo: vitanda sita, shingo sita, na kijiko kimoja kikimeremeta juu ya shuka pale kilipoanguka, kwa kuwa mwenye kijiko hakutaka kumsumbua mtu akiokote.

*

Asubuhi ya Jumatano ya Juma la Mateso ukungu ulikuwa mzito, ukaingia mpaka dirishani. Sauti ilishuka.

Siku hiyo Daktari Togolani alikuwa amebadilisha jambo moja, na hilo lilikuwa ndani ya uwezo wake: zamu ya kuulizwa ilianzia dirishani, kwa Nakijwa.

"Mama Nietiwe, mikono imeamkaje?"

Watu wakageuza vichwa, tayari kucheka.

Nakijwa alitazama mkono wake wa kulia. Maji ya jana yalikuwa yamefika mpaka kidole cha pete: vidole vitano, vyote viko macho, vyote vinamsikia. Alivikunja, akavikunjua. Hakuwa na haja ya kusema uongo. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Sijambo, mwanangu," akasema. "Namshukuru Mungu."

Kicheko hakikuja. Bibi Namkunda alijiinua kwenye mto. "Nakijwa, umesema nini?"

"Nimesema sijambo."

Kule ng'ambo, tabasamu la Kaanaeli lilikuwa limemwacha. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote. Huyu mama alikuwa ameweka tope mdomoni mwa mfereji wake. Sasa maji yote yalikuwa yamesimama penye njia panda, na hayana pa kwenda.

"Mama Nietiwe," akasema kwa sauti ya chini, "tulizungumza."

"Tulizungumza, mzee. Uliniambia msaragambo hauulizi shamba la nani. Ni kweli. Lakini na wewe ulilelewa mlima huuhuu. Watu wakishafika shambani kwako na majembe begani, mwenye shamba hubaki ndani akisema hana kazi?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa aibu ya juu kabisa milimani kwao, kubwa kuliko ya kukosa kwenda. Aliyekosa kwenda alitozwa beberu, yakaisha. Lakini aliyeendewa na watu akajifungia, akawaacha wamesimama juani na majembe yao, huyo hata kizazi chake kilisimuliwa.

"Mimi nimefika," akasema Nakijwa. "Nimesimama mlangoni. Unionyeshe pa kulima, au nirudi na jembe langu, watu wakusimulie wewe na kizazi chako?"

"Mzee Kaanaeli," sauti ikauliza kwa upole, kwa zamu yake, "mikono imeamkaje?"

Mzee akafungua mdomo. Ilionekana neno la siku zote limefika ulimini, limesimama pale kama ng'ombe aliyezoea zizi. Macho yake yakajaa.

"Siwezi kushika kijiko," akasema. "Siwezi kushika kitu, mwanangu. Nakula kama ng'ombe. Usiku siwezi kujivutia shuka, nalala na baridi. Kitabu cha nyimbo sifungui. Tangu miaka minne. Miaka minne nasema sijambo, na sijambo hiyo si kweli hata kidogo."

Hakuna aliyemcheka. Sauti, ambayo haikuwa na mwili, ilisita kidogo kama yenye mwili.

"Asante, mzee," ikasema. "Nimesikia."

Mchana huo, kilimani, wenzake wote watano walitoka na majembe. Walianza juu penye njia panda, wakashuka wakizoa majani makavu na mawe, Bibi Namkunda akiongoza wimbo, na Kaanaeli mbele yao akionyesha, hapa, na hapa, na hapa pia. Walirudi Alhamisi. Na Ijumaa, katika usingizi wa mwisho, maji yaligeuka kushoto.

Nakijwa alisimama nyuma kidogo, akayatazama yakiingia kwenye ule udongo uliopasuka, ukiyanywa kwa sauti. Kisha akageuka akatazama shamba lake. Mahindi ya ngazi ya juu yalikuwa yameanza kunyauka ncha. Akagusa jani moja. Halikutoa sauti.

*

Alfajiri ya Pasaka makaburi ya usharika yalikuwa meupe kwa ukungu, na watu walisimama kati ya misalaba kama watu waliootwa. Bendi ilipiga wimbo wote. Nakijwa alisikiliza, tarumbeta mkononi. Nietiwe, binti yake, alikuwa amemfunga vifungo vya gauni viwili vya juu, na vilivyobaki alivifunga mwenyewe.

Wimbo ulipokwisha alikwenda peke yake penye kaburi la Sefania. Akaweka vidole juu ya vitufe. Cha shahada kikatii. Cha kati kikachelewa, na cha pete kikalala pale kilipowekwa, kizito na kimya. Ubeti ule hautapigwa, akajua. Si mwaka huu wala mwingine.

Lakini midomo ilikuwa yake, na pumzi. Na tarumbeta, hata usipobonyeza kitufe, ina sauti zake chache za asili, zilezile zilizokuwamo katika pembe ya mnyama kabla shaba haijafika milimani. Akaondoa vidole, akainua tarumbeta, akazipiga hizo. Fupi, fupi, ndefu inayopanda.

Vichwa vikageuka makaburi yote. Hakuna wa kilima kile asiyeujua mwito huo wa msaragambo.

"Nakijwa!" bibi mmoja akapaza sauti kutoka kwenye ukungu. "Leo siku ya Bwana, unatuita mferejini?"

"Siwaiti ninyi, bibi," akajibu, akielekeza tarumbeta chini. "Nawaita hawa."

Watu walicheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe, na wanaume wakaanza kuvua kofia.

Karibu na lango alikuwapo mzee mwenye fimbo, aliyepanda kebo ya kwanza kutoka ng'ambo ya bonde. Naye akainua mkono. Ulipanda polepole, ukitetemeka, ukapapasa hewa, ukaupata ukingo wa kofia. Ukaivua.

Nakijwa alimwendea. "Hujambo, mzee Kaanaeli?"

Mzee akavuta pumzi, kama mtu anayeanza safari ndefu.

"Shingo inauma nikitazama kushoto," akasema. "Mguu huu mzito. Vidole viwili bado vina ganzi. Na leo asubuhi nimemwaga uji nusu bakuli, shati lote limelowa, mke wangu amenigombeza."

"Na nusu ya pili?"

"Nimekunywa," akasema Kaanaeli. "Mwenyewe."

Nakijwa akafuta mdomo wa tarumbeta kwa kiganja chake, akarudi kati ya makaburi, akaita tena.